Kucha Zilizoungua na Ulembo

Enzi zetu kucha hazikuwa mali ya mwenye vidole. Zilikuwa mali ya mwalimu wa zamu. Kila Jumatatu asubuhi, pale shuleni kwetu Mahurunga, tulipanga mistari tukiwa tumenyoosha mikono mbele, viganja vikitazama chini, naye mwalimu akapita taratibu kama mnunuzi wa korosho anayetafuta punje mbovu ndani ya gunia. Aliyekutwa na uchafu chini ya ukucha alichapwa rula kwenye ncha za vidole, kisha akatakiwa kusema asante. Sisi ambao Jumapili nzima tulikuwa tumejisahau kwenye mdako, mchezo ule wa kurusha na kudaka kokoto kando ya kishimo, tulikuwa na dawa moja ya dharura, nayo ni meno. Mwalimu akiwa bado mstari wa kwanza, mstari wa tatu wote ulikuwa unatafuna. Nayasema haya mapema ili msomaji wa rika langu ajue nilikojifunzia matumizi haya ya meno, kwa sababu yatarudi mbele ya safari, na nitakuwa nimeshazeeka kiasi cha kutopaswa kuulizwa.

Nyumbani kulikuwa na sheria nyingine, na mtunga sheria alikuwa bibi yangu mzaa mama. Bibi alitukata kucha kwa nusu wembe, tukiwa tumekaa kizingitini, miguu yetu imebanwa katikati ya magoti yake tusikimbie. Vipande vilikusanywa kwenye jani la mkorosho na kufukiwa nyuma ya jiko, asije mwenye nia mbaya akaviokota na kutufanyia jambo. Doa jeupe likitokea juu ya ukucha, Bibi alitangaza kwamba nguo mpya iko njiani. Kwa hiyo ndege yangeyange walipotua kwenye mashamba ya mpunga upande wa Ruvuma, weupe kama mashuka yaliyoanikwa, sisi watoto tuliwapungia vidole vyetu tukiwaomba watugawie weupe kidogo. Nakumbuka mwaka mmoja nilikuwa na madoa manne mkono wa kulia peke yake. Nilizunguka msimu mzima na gauni lilelile, lenye kiraka kiunoni, nikisubiri yangeyange watimize ahadi.

Leo mimi ni mkufunzi wa chuo cha ualimu hapa Mtwara mjini, na mbele yangu hukaa mabinti wenye kucha ndefu za kubandika, zinazong'aa kama vioo vya pikipiki. Siku moja nilimwita mmoja aje kuandika ubaoni. Aliikamata chaki kwa pande za vidole, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kinywani, akaandika neno moja na kurudi kukaa, amechoka. Nimewaona wakiwaomba wenzao wawafungulie soda. Nimewaona wakimenya chungwa kwa kuliangalia tu mpaka mvulana fulani aone huruma. Ningewacheka zaidi, lakini sina haki hiyo, na sababu yake ilianza kabla wao hawajazaliwa, chini ya mikorosho ya babu.

Kila aliyekulia kwetu anaujua moshi wa korosho. Bibi alizichoma uani kwenye bati lililotobolewa matundu, huku maganda yakitema mafuta meusi yanayoshika moto, na moshi wake mzito ukitufukuza mpaka kwa jirani. Mafuta yale ni makali. Yakikugusa yanachoma ngozi, na baada ya muda ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Ndiyo maana wanawake walijipaka majivu mikononi kabla ya kubangua, na watoto tulikatazwa kabisa kugonga korosho mbichi. Wavulana, kwa vile walikuwa wavulana, walitumia mafuta hayohayo kujiandika herufi za majina yao kwenye mikono. Herufi ziliwaunguza, zikapona, zikabaki nyeusi. Nao walizionyesha kwa majivuno, hata yule aliyekosea kuandika jina lake mwenyewe.

Mwaka ninaousimulia, korosho zikiwa zimeshauzwa na harusi zimeanza kufuatana, mama mdogo Zuhura alichumbiwa na kijana wa Mikindani, wa ukoo wa wafanyabiashara wa samaki wakavu. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akinisuka, akinifundisha kusoma saa, akinificha nyuma ya khanga yake Bibi anaponitafuta kwa fimbo. Aliniahidi kwamba siku wageni wa Mikindani watakapokuja, mimi ndiye nitakayekaa pembeni yake kumpepea kwa kipepeo cha ukindu. Kazi hiyo ilikuwa na sharti moja tu. Mshika kipepeo lazima awe na mikono iliyopakwa hina, kwa sababu macho ya ukweni hutua kwanza kwa bibi harusi, kisha kwenye mikono ya yule anayempepea. Binamu yangu Somoe, aliyenizidi umri kidogo na maringo sana, aliitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Kila jioni aliniuliza kama nina uhakika sitachoka mkono.

Sasa, kulikuwa na mke wa mwalimu mmoja, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa na kucha za rangi ya kahawia iliyokolea, zenye mng'aro. Nilizitamani kuliko nilivyowahi kutamani nyama. Bibi alikuwa ameshakataza rangi ya dukani, na hoja yake ilikuwa nzito: rangi hukaa juu ya ukucha, maji ya udhu hayapiti, na swala yako inabaki mlangoni. Hina ni halali kwa sababu huzama ndani. Nililitafakari jambo hilo kwa siku kadhaa nikiosha vyombo. Mafuta ya korosho, nikajiambia, nayo huzama ndani. Herufi za wavulana ni ushahidi. Yana rangi ya kahawia. Yanang'aa. Tena yanatoka shambani kwetu, wala hayajapita dukani kwa mtu. Hivyo ndivyo nilivyotoa fatwa yangu ya kwanza na ya mwisho maishani.

Nilijificha nyuma ya ghala, nikagonga korosho mbichi iliyosalia kwa jiwe, nikachovya kijiti cha fagio na kujipaka kucha zote, kidole baada ya kidole, kwa utulivu ambao sijawahi kuupata tena katika kazi yoyote. Kwa muda mfupi zilikuwa nzuri. Naomba hilo liandikwe. Nilinyoosha mikono kwenye jua nikaona zinang'aa, nikamwonea huruma yule mama wa Dar es Salaam. Kisha pembezoni mwa kucha kukaanza kuwasha, kuwasha kukawa kuchoma, na mimi badala ya kukimbilia kwa Bibi nikakimbilia mtungi wa maji. Nilisugua, nikakausha kwa gauni, nikasugua tena. Nilichofanikiwa ni kuyatembeza mafuta mpaka kwenye viganja.

Kesho yake vidole vyangu vilivimba kama ndizi bukoba. Siku zilizofuata ngozi ilibanduka, nazo kucha zikaanza kuachana matabaka kwenye ncha, nyembamba, zikinasa kwenye kila uzi. Bibi hakunipiga. Alinishika mikono, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akaniuliza taratibu, "Mke mwenzangu, ulikuwa unajibangua mwenyewe?" Halafu akanipaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, asubuhi na jioni, akazifunga ncha za vidole kwa vitambaa vya shuka kuukuu. Akapiga marufuku maji. Sikuosha vyombo, sikumenya muhogo, sikwenda kufua mtoni. Zile ngozi na kucha zilizoachana sikuruhusiwa kuzivuta hata kwa utani. Aliniambia ukucha ulioharibika haurudi kuwa mzima. Unasukumwa nje na ule unaoota nyuma yake, na kazi yangu ni kusubiri uote.

Somoe akawa anaosha vyombo vyangu na vyake. Aliziosha sufuria zile kwa kelele za makusudi, akiniita malkia wa korosho, lakini hakulalamika kwa Bibi, kwa kuwa alijua hesabu ilivyokaa. Mikono yangu isingepakwa hina. Kipepeo kilikuwa kinaelekea kwake, na alikuwa ameshaanza kujizoeza kwa kumpepea mbuzi.

Alasiri ya hina ilifika. Wanawake walitwanga majani ya mhina kwenye kinu, wakayachanganya na maji ya ndimu, uani kukanuka ubichi na uchachu. Mama mdogo alikaa kwenye mkeka, amefunikwa khanga mpya, na wasichana tukapanga mstari. Nilisimama wa mwisho kabisa, mikono nimeificha mgongoni, kana kwamba mwalimu wa zamu amehamia kwetu. Somoe alipakwa viganja na kucha zote. Alipopita mbele yangu aliinyoosha mikono yake juu, eti ikauke upesi.

Zamu yangu ilipofika, mwanamke aliyekuwa akipaka alinitazama vitambaa, akamtazama Bibi, akatikisa kichwa. Maji ya ndimu juu ya ngozi ile yangekuwa adhabu isiyo na kosa la kulingana nayo. Mama mdogo aliinua khanga usoni, akasema kwa sauti ndogo lakini iliyosikika na wote kwamba yeye atapepewa na mimi au hatapepewa na mtu. Bibi alikuwa amekaa na kibakuli cha hina mapajani. Alinitazama kuanzia kichwani kushuka chini, akafika mwisho.

"Leta miguu," akasema.

Msomaji ambaye hakulelewa nyumbani kwetu hawezi kuujua uzito wa maneno hayo. Kwetu hina ya miguuni ilikuwa ya bibi harusi peke yake. Wasichana tulipakwa mikono, basi. Miguu ilisubiri siku yako. Na sasa nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, nyayo zangu zilizojaa vumbi la Mahurunga zikisafishwa kwa kitambaa cha maji, Bibi akinichora kuanzia vidole mpaka kwenye kifundo. Somoe alisimama akiangalia, hina yake ikikauka na kupoteza thamani.

"Na mimi nikachome mikono?" akauliza.

Siku ya harusi nilimpepea mama mdogo kwa mikono iliyofungwa vitambaa vyeupe, na miguu nimeinyoosha mbele ya mkeka kiasi kwamba kila mgeni alilazimika kuiruka. Mama mmoja wa Mikindani, amejitanda khanga za gharama, aliinama akamuuliza Bibi kwa masikitiko kama mtoto huyu ameungua na moto. Bibi, ambaye ulimi wake, kama ndimi nyingi za kwetu, haukuwa na urafiki na herufi r, alimjibu bila kutabasamu:

"Hapana, mwanangu. Ameungua na ulembo."

Ukumbi mzima wa makuti ulicheka. Tangu siku hiyo hadi leo hakuna ndugu yangu wa upande ule anayeniita kwa jina nililopewa na wazazi. Mimi ni Ulembo. Nimesoma, nimehitimu, nimepanda vyeo viwili vitatu, na bado simu ikilia kutoka Mahurunga sauti inauliza, "Ulembo, hujambo?"

Ungetarajia kwamba mtu aliyepewa jina kama hilo angejifunza. Miezi michache iliyopita, binti yangu Rahma alipokuwa anakaribia kuolewa, alinishika bega na kunisihi nibandike kucha kwa ajili ya kicheni pati yake. Nilimweleza habari ya udhu. Akaniambia, "Mama, si wiki hii huswali?" Ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio ulionimaliza. Saluni walizikwangua kucha zangu kwa tupa ya umeme, wakapaka gundi, wakabandika vitu vyekundu vyenye urefu wa kijiko. Usiku ule wa sherehe sikuweza kufunga kitufe wala kuchukua sambusa. Nilikula keki kwa uma mdogo, nikitabasamu kama mke wa balozi. Lakini zilikuwa nzuri. Naomba hilo nalo liandikwe.

Siku mbili baadaye swala ikawa imenirudia, na saluni imefungwa. Fundi wake amekwenda msibani Newala. Mtu mwenye akili angesubiri, au angetafuta saluni nyingine. Mimi, mkufunzi wa walimu, nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikazing'oa kwa meno. Kila moja iliondoka na tabaka la ukucha wangu, kwa sauti ambayo bado naisikia.

Baada ya hapo kucha zilianza kuachana kama chapati iliyokunjwa vizuri. Zilinasa kwenye mtandio, kwenye foronya, kwenye nywele za mjukuu wa jirani. Nikaenda kwa daktari wa ngozi, mwanamke wa rika langu, mpole, akaniuliza nani amezibandua. Nikamwambia ni fundi. Akauliza ni fundi gani. Akayatazama meno yangu, akaandika.

Alinieleza kwamba ukucha umejengwa kwa matabaka yaliyoshikana. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na mtu anayelowesha na kukausha mikono kutwa nzima anayachosha matabaka hayo mpaka yanaachiana. Sabuni ya unga inanyonya mafuta yake, dawa ya kufutia rangi inayakausha, na tupa na meno humalizia kazi. Wakati mwingine chanzo ni upungufu wa damu au tezi ya shingo, kwa hiyo alinipima. Damu yangu ilionekana haina hatia. Na umri pia, akaongeza kwa sauti ya chini, kana kwamba yeye hakuwa na wa kwake. Niziweke fupi. Nizikate zikiwa zimelainika baada ya kuoga, na nizisawazishe kwa tupa laini nikielekea upande mmoja tu. Nisivute kinachoachana, nisifungulie kopo kwa ukucha, nipumzike rangi. Nivae glavu nikiosha vyombo, na kila nikitoka kwenye maji nipake mafuta, ya nazi yanatosha. Kilichoharibika hakitapona, akasema. Kitasukumwa nje na kinachoota. Itachukua miezi.

Nilikaa kwenye kile kiti nikihisi magoti ya Bibi yamenibana.

Glavu nilizozipata zilikuwa nene, za njano, zinazofika kwenye viwiko. Jirani aliyeniona nazo uani alinipongeza, akaniuliza kama nimepata ajira kwenye mitambo ya gesi kule Madimba. Nilimjibu kwamba bado niko kwenye majaribio.

Hina ya Rahma ilifanyika Mikindani, kwa mama mdogo Zuhura. Ni mama mtu mzima sasa, macho yamepungua, lakini mkono wake wa kuchora haujatetemeka. Kucha zangu hazikuwa zimeota vya kutosha. Ncha zilikuwa bado mbichi, na daktari alikuwa ameikataza kabisa piko, ile hina nyeusi ya dukani ambayo vijana ndiyo wanayoitaka. Nilikuwa nimeamua kukaa nyuma na kugawa juisi. Mama wa bibi harusi asiye na hina ni jambo la kusemwa, lakini nilijiambia kwamba nimeshasemwa sana na bado nipo.

Nilijiuliza, nikiwa na sinia mkononi, tumebadilika nini. Enzi zetu hina ilitoka kwenye ua wa jirani na ikanukia siku tatu; sasa inatoka kwenye mrija, na binti anachagua mchoro kwenye simu kabla hajachagua mchumba. Enzi zetu mtoto aliyejiharibu kwa kupenda urembo alikuwa na ukoo mzima wa kumcheka na kumfunga vitambaa. Sasa anajifungia chumbani anatafuta tiba kwenye intaneti, na hakuna hata mmoja wa kumpa jina. Sijui kama hiyo ni nafuu.

"Huyo anayegawa juisi," mama mdogo akasema bila kugeuka, "mbona hajaja?"

Niliweka sinia chini, nikamsogelea, nikanyoosha mikono, viganja vikitazama chini. Alinishika vidole kimoja kimoja, akavisogeza karibu na macho yake. Alipitisha dole gumba juu ya kila ukucha, taratibu. Rahma alianza kueleza habari za saluni, mama mdogo akamzuia kwa kiganja.

"Leta miguu, Ulembo," akasema.

Mabinti waliinua simu zao, wakitaka arudie, hawakuwa wamesikia vizuri. Nikakaa kwenye mkeka kwa shida, nikavua viatu, nikanyoosha miguu ya mwanamke aliyesimama madarasani nusu ya maisha yake, visigino vimepasuka. Kule pembeni ya chumba, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, ambaye muda wote alikuwa amesinzia kwenye kiti cha pekee kilichokuwapo, alifungua jicho moja. Ni Somoe.

"Na mimi," akasema, "nikachome mikono?"

Tulicheka sisi watatu mpaka hina ikapinda na mama mdogo akalazimika kufuta na kuanza upya. Chumba kizima cha vijana kilitutazama kikisubiri kuelezwa, na, Bibi akiwa ameshatutoka, hapakuwa tena na mtu mwingine duniani ambaye hakuhitaji maelezo.